Fundo la Mwenye Shoto

Nilikileta mezani kimeviringishwa taulo la bafuni,
kidude cha kijivu, kizito kama mtoto aliyelala.
Dola arobaini, gerejini kwa marehemu, Titusville,
katikati ya mashine ya nyasi na boksi la mapambo ya Krismasi.
Mpwa wa marehemu aliapa: "Hiki kilikwenda mwezini."
Mtaa huu kila kitu kilikwenda mwezini.
Hata ndoo.

Mimi huanzia mgongoni.
Uso wa mita hupakwa rangi upya,
kibao cha jina huchongwa juzi kikazeeshwa kwa siki,
lakini mgongo haujajifunza kutabasamu.
Skrubu nne. Moja kichwa kimetafunwa,
mtu fulani alikuwa na haraka.
Naziweka kwenye kisahani kwa mpangilio wake,
maana nazo ni mashahidi.

Ndani, vumbi, na harufu ya bakelaiti iliyowahi kuungua.
Muhuri wa mkaguzi, duara jekundu, tarakimu mbili:
ya kwanza saba, ya pili imeliwa na unyevu.
Usoni, herufi nyeupe zinataja heliamu,
na utepe mwekundu unaanzia pale
ambapo hakuna aliyetaka mshale ufike.
Mshale umelala kwenye sifuri, lakini si sifuri hasa,
unywele mmoja juu yake,
kama mlinzi anayesinzia jicho moja wazi.

Nambari yake haimo katika daftari zangu.
Miezi mitatu.
Nikampigia Detlef, yuko Bremen,
hutambua swichi kwa mlio.
Nikambofyolea simuni mara sita.
"Ya ardhini," akasema. "Ya chomboni huivuta kwanza ndipo uipindue,
kiwiko cha mtu anayeelea kisije kikaigusa."
Ya ardhini.
Nilikawia kujibu.
Moyo wangu ulikuwa umesharuka, na hapakuwa na wa kuuteremsha.

Jumapili nikamchukulia Bi Ardith Pruneau,
miaka tisini na mmoja, aliyefunga nyaya tangu usichana wake
hadi vidole vilipokataa.
Sikumwonyesha uso. Nikamgeuzia nyaya,
zilivyolala bega kwa bega, zimefungwa uzi wa nta
kila baada ya upana wa vidole viwili.
Akavua miwani.
Akapitisha dole gumba, fundo hadi fundo,
akasimama kwenye la tano.
"Limeingilia upande wa pili. Huyu Nedra.
Alikuwa na shoto. Kila wiki walimsahihisha,
kila wiki akaitika ndiyo bwana, akafunga vilevile."

Nikauliza, basi kilirusha roketi ipi?
Akacheka hadi akakohoa.
"Nedra alikuwa chumba cha mazoezi.
Hiki hakikurusha hata kishada.
Nyuma ya ukuta alikaa mtu na kirungu cha umeme,
anausukuma mshale kwenye nyekundu apendapo,
na upande huu vijana wanaloa jasho, wanajifunza
kuogopa bila kupaza sauti.
Umeingia humo mara elfu, mwanangu.
Hakufa mtu."
Kisha: "Umelipa ngapi?"
Nikamwambia.
Hakusema kama nimepunja au nimepunjwa.

Usiku niliandika kadi.
Mtengenezaji: hajulikani. Mwaka: haujulikani.
Mafundo: Nedra.
Nikafuta "mwezi", niliyokuwa nimeiandika kwa penseli
tangu siku ya kwanza, bila kujiambia.

Nikarudisha skrubu, ile iliyotafunwa mwisho.
Nikaunganisha betri ndogo, nione tu kama kinapumua.
Mshale ukatikisika, ukapanda, ukapita weupe,
ukaingia kwenye nyekundu, ukatulia humo.
Friji ilinguruma jikoni. Mbwa wa jirani alinyamaza.
Nikagundua nimeshika ukingo wa meza
kwa mikono yote miwili.